Korosho, mbaazi, makaa ya mawe: uchumi wa Mtwara na Lindi unaamuliwa na katazo la nani?

Mlinzi wa Ghala (mleta mada)

Habari za jioni wakuu.

Msimu wa korosho ukianza, mabandiko humu huwa ni yale yale: bei ya mnada wa kwanza, kijiji gani kimegoma, AMCOS (chama cha msingi cha wakulima) gani haijalipa watu. Sina ugomvi nayo, yaendelee. Ila bei inayosomwa kwenye mnada Tandahimba au Ruangwa huwa imeshaamuliwa mbali, na mara nyingi imeamuliwa na katazo la nchi nyingine. Hilo ndilo nataka tulijadili.

Nianze na mbaazi, kwa sababu ndiyo iliyotuumiza bila kificho. Mwaka 2015 India walikosa mvua, mbaazi zikaadimika kule, na kilo moja huku kwetu ikapita shilingi 2,000. Nani angeacha kupanua shamba? Bahati mbaya, wakulima wa India nao waliiona bei hiyohiyo. Msimu wa 2016/17 wakavuna karibu tani milioni 4.8, wakati msimu wa nyuma yake walipata milioni 2.5 hivi. Agosti 2017 serikali yao ikaweka ukomo: mbaazi za kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Huku kilo ikaporomoka, sehemu nyingi hadi chini ya shilingi 300. Mvua zetu zilinyesha, watu walilima, barabara ilipitika. Hakuna kilichoharibika Masasi wala Nachingwea. Karatasi ilisainiwa New Delhi, basi.

Kinachoniuma zaidi ni jirani. Msumbiji, hapo ng'ambo ya Ruvuma, walikuwa na makubaliano na India tangu Julai 2016, Waziri Mkuu wa India, Modi, alipozuru Maputo: mazao ya jamii ya mikunde kuanzia tani 100,000 kwa mwaka hadi 200,000. Ziara ileile Modi alipita Dar es Salaam. Katazo lilipokuja, mbaazi ya Msumbiji ilikuwa na pa kuingilia, ya kwetu haikuwa napo. Ardhi ni ileile, mvua ileile, mbegu karibu ileile.

Sasa geuza upande wa pili. Agosti 2022 Umoja wa Ulaya ulianza kutekeleza marufuku ya makaa ya mawe ya Urusi kwa sababu ya vita ya Ukraine. Makaa ya Ruvuma yalikuwepo miaka yote, na wateja wake wengi walikuwa viwanda vya saruji vya humu ndani na nchi jirani. Ghafla yakawa mali ya kusafirisha Ulaya. Bandari ya Mtwara, iliyozoea heka heka za korosho miezi michache kisha usingizi, ikawa inapakia meli za makaa. Kuanzia Songea hadi huku ni zaidi ya kilomita 600 za malori, na kila yaliposimama, Tunduru, Mangaka, Masasi, mtu aliuza chakula, kitanda, tairi. Hatukuvumbua kitu. Mlango wa Urusi ulifungwa, wa kwetu ukagongwa.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki: kubana mali kunamlipa anayebana pale tu ambapo mwenzake hana mlango wa pili. India waliweza kutubana kwenye mbaazi kwa sababu wao walikuwa na mavuno yao na sisi hatukuwa na mnunuzi mwingine wa maana. Ulaya, kwa makaa, wao ndio walikuwa wanahaha kutafuta mlango. Na sisi tulipojaribu kubana korosho mwaka 2018, tulijiona tumeshika mpini. Tulikuwa tumeshika makali.

Karibuni. Matusi ya vyama pelekeni jukwaa la siasa.

---

Bwana Kangara

Nimeweka kigoda mbele kabisa. Tiririka mkuu.

---

Mtoto wa Tandahimba

Mkuu, kwanza heshima yako, bandiko limeshiba. Lakini hapo kwenye 2018 naona unatuangushia jumba bovu wakulima.

Msimu wa 2017/18 kilo ilifika 4,000. Mzee wangu aliezeka nyumba, wadogo zangu wakalipiwa ada bila kukopa. Halafu Oktoba 2018 tunakuja mnadani, wanunuzi wanaandika 1,900, mwingine 2,700. Salfa ya kupulizia mikorosho tulikuwa tumeinunua kwa bei ya kuruka, wengine kwa mkopo. Tukakataa kuuza. Ulitaka tufanye nini? Hatukukaa kitako tukapanga kuitikisa dunia. Hesabu ilikuwa haifungi.

Kisha mambo yakatoka mikononi mwetu. Novemba mawaziri wawili wakaondolewa, Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho yote kwa 3,300, jeshi likaja kuzisomba. Siku ile watu walicheza ngoma. Kilichofuata ni uhakiki. Mara una shamba au huna, mara wewe ni kangomba, yaani mchuuzi anayenunua korosho kwa wakulima kinyemela. Na kangomba alikuwepo kweli, simtetei, lakini wako wakulima waliokaa miezi wanangoja hela yao huku mtoto amerudishwa shule. Msimu uliofuata wengi hawakuwa na cha kununulia salfa.

Ukisema "tulijaribu kubana" unaweka kwenye kapu moja mkulima aliyegoma wiki mbili na dola iliyokaa na mzigo hadi mwaka mwingine. Si kitu kimoja hicho.

---

Kipimo

Mtoto wa Tandahimba kagusa penyewe, na nadhani mleta mada kapita haraka sana hapo.

Korosho si mbaazi. Kodivaa, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na majirani zake wa Afrika Magharibi huvuna kuanzia Februari hadi katikati ya mwaka. Sisi na Msumbiji tunavuna kuanzia Oktoba. Maana yake kuanzia Oktoba hadi Desemba mwenye kiwanda Vietnam au Kerala kule India akitaka korosho mpya, macho yake yako huku. Akiba yake ya Afrika Magharibi imepungua au imezeeka. Kwa wiki hizo chache tuna nguvu, si kubwa lakini ipo.

Kugoma wiki mbili za Oktoba ni kuitumia nguvu hiyo ndani ya muda wake. Kukaa na mzigo hadi Februari ni kuitupa, kwa sababu siku meli ya kwanza ya Abidjan inapong'oa nanga, wewe si muuzaji pekee tena. Umebaki na mzigo wa mwaka jana unaopoteza uzito na ubora ghalani. Na mwaka ule mnunuzi alikuwa na sababu nyingine ya kutulia: bei ya korosho iliyobanguliwa ilikuwa imeshuka duniani, viwanda vya Vietnam vilishaumia kwa kununua ghali msimu wa nyuma. 1,900 haikuwa njama peke yake. Ilikuwa na mkono wa wanunuzi kupatana, sibishi, lakini chini yake soko lilikuwa limelegea kweli.

Kwa wanaouliza hili linahusu nini ukuaji wa nchi: mwaka 2017 korosho iliingiza zaidi ya dola milioni 500, ikawa ya kwanza kati ya mazao yetu ya biashara. Mwaka uliofuata mapato yale yakaanguka kwa zaidi ya nusu. Dhahabu na utalii viliufunika mshtuko kwenye takwimu za taifa, kwa hiyo mtu wa Dodoma anaweza kusoma ripoti na asione kitu. Aliyekuwa na duka la mabati Newala aliona.

---

Fundi Baiskeli

Mgeni njoo mwenyeji apone, ila huku kwetu mgeni akija anaondoka na mwenyeji mfukoni 😂

Mmesahau karanga za Mwingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili hawakuwa na mafuta ya kula, wakaja kulima karanga Nachingwea, Kongwa na Urambo kuanzia 1947. Wakachimba bandari Mtwara, wakajenga reli hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mradi chali, pauni milioni 36 zimeota mbawa. Reli ikang'olewa miaka ya sitini. Bandari tu ndiyo iliyobaki, na ndiyo hiyo mnapakilia makaa yenu. Mahitaji ya nje yalikuwepo ya kumwaga, karanga ndizo hazikutokea!

---

Babu wa Kitangari

Wajukuu zangu, shikamooni nawaachia wenyewe, mimi nimeingia kwa simu ya mjukuu.

Huyu wa karanga kaongea kwa utani lakini kaongea jambo. Mnalaumu sana New Delhi na Ulaya. Mimi nimeona korosho ikifa bila mzungu wala mhindi kutukataza chochote. Msimu wa 1973/74 nchi ilipata tani 145,000. Kufika katikati ya miaka ya themanini hazikufika hata 20,000. Wanunuzi wa nje walikuwepo wote. Tulihamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki porini kule tulikotoka, nani atatembea nusu siku kwenda kupalilia? Bei iliyopangwa ilikuwa ya kukatisha tamaa. Halafu ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga, maua yanakuwa meupe kama yamemwagiwa unga, yanakauka. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele walipotuonyesha salfa ndipo mikorosho ikapumua.

Na kichekesho cha mwisho: wakati korosho zinapungua ndipo serikali inamalizia kujenga viwanda vya kubangua, kumi na viwili, kwa mikopo ya nje, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani laki moja kwa mwaka. Vikakosa korosho. Vingi vikaishia kuwa maghala. Mleta mada anajiita Mlinzi wa Ghala, pengine analinda mojawapo.

---

Mlinzi wa Ghala

Babu, marahaba zote zirudi kwako. Hapana, ninalolinda lilijengwa kuwa ghala tangu mwanzo 😀

Nakubali hoja yako, na haipingani na yangu. Yale ya miaka ya sabini na themanini nayo yalikuwa kubana, tofauti tulibana sisi wenyewe bila kujua kama tunabana. Ukimlipa mkulima kidogo, umepunguza mavuno ya miaka mitano ijayo, kwa sababu mkorosho hauhudumiwi kwa uzalendo. Hesabu ya salfa ndiyo ushahidi. Mwaka 2018 sheria ya fedha ilibadilishwa, ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi inayosafirishwa nje, iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao, ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele, wakashindwa. Tulivuna zaidi ya tani 310,000 msimu wa 2017/18, kisha tukateremka miaka kadhaa. Baadaye pembejeo za ruzuku ziliporudi, salfa na viuatilifu vikagawiwa, msimu wa 2024/25 zikavuka tani 500,000. Si salfa peke yake, ipo mikorosho mipya na hali ya hewa, lakini mwenye macho ataona.

Na angalia msimu huo huo wa 2024/25: mavuno makubwa kuliko yote hadi wakati ule, na mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, bei ikapita 4,000. Kwa kawaida mali ikiwa nyingi bei inalala. Haikulala kwa sababu mapema mwaka ule mavuno ya Afrika Magharibi yaliyumba, na viwanda vya Vietnam vililalamika kuwa mzigo waliouagiza haufiki. Walikuja Oktoba wakiwa na njaa. Sisi tukawa na chakula. Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo sura ya ukuaji: mali nyingi kukutana na mnunuzi aliyekosa pengine. Tukio la kwanza tulilitengeneza, la pili tulipewa.

Mtoto wa Tandahimba, umenisahihisha vizuri kutenganisha mgomo wa mkulima na mzigo wa serikali. Maelezo ya Kipimo kuhusu miezi yanamaliza ubishi huo kwa upande wangu.

---

Mama Mbanguo

Hamjambo kaka zangu. Na babu yangu, shikamoo.

Mnazungumza ghafi tu kana kwamba mwisho wa korosho ni kupandishwa melini. Mimi nabangua, kikundi cha kina mama, Mtwara mjini. Tatizo letu halimo kwenye hadithi zenu za Vietnam. Korosho inauzwa miezi mitatu, minne hivi. Ukitaka kubangua mwaka mzima, lazima ununue mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi hiyo, na fedha taslimu. Mfanyabiashara wa nje anakopa kwao kwa riba ndogo, ananunua, anapakia, ndani ya wiki chache anauza na kurudisha mkopo. Mimi nikikopa, riba inanikimbiza miezi kumi na miwili huku nikibangua polepole. Mnadani tunashindana naye kwa bei ileile. Unadhani nani atashinda?

Bado hujamlipa anayemenya, bado utomvu haujawachoma mikono, bado hujapanga nzima na vipande. Kipande bei yake ni nusu. Halafu mtu anasema akina mama hawana ubunifu.

Kwa hiyo mnaposema "mahitaji ya nje", kwangu hayo mahitaji ndiyo yanayonimaliza. Yanachukua ghafi mlangoni kwangu. Serikali ikizuia ghafi isitoke hata mwezi mmoja, mimi nitaajiri.

---

Kipimo

Dada, kilio chako ni cha kweli na wengi humu hawakijui. Ila kabla hujaomba katazo, tazama Msumbiji kwanza, maana wao wamepita pande zote mbili.

Walikuwa na ushuru mkubwa kwa ghafi inayotoka, ili viwanda vyao vishibe. Katikati ya miaka ya tisini Benki ya Dunia ikashurutisha upunguzwe. Hoja yao: mkulima atapata bei nzuri. Viwanda vikafungwa, watu kama elfu kumi wakapoteza kazi. Na mkulima je? Wachumi waliokuja kupiga hesabu baadaye walikuta faida ya kaya ya mkulima ni kama dola 5 kwa mwaka. Sababu ni kwamba mnunuzi wa ghafi wakati ule alikuwa karibu mmoja tu, India. Ushuru ulipopungua, sehemu kubwa ya tofauti haikufika shambani, ilibaki kwa wachuuzi na wanunuzi. Baadaye wakaupandisha tena, asilimia 18 hadi 22.

Somo ninalochukua hapo halimwegemei mtu yeyote. Kufungua kulimpa mkulima sumni. Kufunga peke yake nako kunampunguzia mkulima bei ili kiwanda kipone, na ikiwa kiwanda hakina mtaji wa kununua mzigo wa mwaka, korosho zitaoza na mkulima atapitisha kwa njia za panya. Mpaka wa Ruvuma mnaujua. Sisi tayari tuna ushuru wa asilimia 15 au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinalipwa, na bado sehemu kubwa ya korosho inatoka ghafi. Kwa hiyo ushuru haujatosha kumfanya mtu abangue. Tatizo lako ulilitaja mwenyewe: mtaji wa msimu na riba yake. Lishughulikie hilo kwanza, ndipo tuzungumze kufunga.

---

Mama Mbanguo

Kaka Kipimo, nakusikia, lakini "lishughulikie hilo kwanza" nimelisikia tangu sijaolewa. Ushuru wenyewe unakusanywa kila msimu. Ungegeuzwa dhamana ya mikopo ya wabanguaji, tusingekuwa hapa tunaandikiana.

---

Mtoto wa Tandahimba

Mama kamaliza. Hapo Kipimo akijibu aandike kwa herufi kubwa.

---

Kipimo

Sina la kujibu hapo. Ni wazo zuri kuliko katazo.

---

Jirani wa Likong'o

Wakuu mmeisahau Lindi. Sisi tuna mfano wa mali ambayo haijawahi hata kutoka.

Gesi ya bahari kuu iligunduliwa kuanzia 2010. Futi za ujazo trilioni 57 na ushee zinatajwa ukijumlisha za nchi kavu. Kiwanda cha kuchakata kuwa kimiminika kikapangwa hapa Likong'o, watu wakafanyiwa tathmini, viwanja vikapanda bei hata vya mabondeni. Mtwara walishapigana mabomu ya machozi 2013 kwa ajili ya bomba la kwenda Dar, bomba likazinduliwa 2015. Lakini lile ni la Mnazi Bay na Songo Songo, kwa matumizi ya ndani. Ya bahari kuu imekaa palepale. Vita ya Ukraine ilipokuja, Ulaya wanahangaika na gesi, mazungumzo ya Lindi yakachangamka tena, mradi ukatajwa kwa dola bilioni 42. Miaka ikapita bila mkataba wa mwisho kusainiwa.

Kwa makaa tulikuwa na malori na bandari yenye gati jipya, meli ikaja ikapakia. Kwa gesi unahitaji miaka kadhaa ya ujenzi kabla hujauza hata mtungi. Njaa ya Ulaya ya 2022 haikutungoja, walinunua Marekani na Qatar. Mleta mada, nadharia yako ya milango iongezee muda wa kutembea hadi mlangoni.

---

Mlinzi wa Ghala

Jirani, nimeipokea, na naona ndiyo hoja nzito kuliko zote kwenye uzi huu. Makaa nayo yana upande wa pili: mwaka 2023 bei ya dunia ilishuka, shamrashamra zikapungua. Waliokopa kununua malori 2022 wakidhani itakuwa hivyo daima, sasa hivi wanajua.

---

Mwana Nangurukuru

Samahani kwa kuwatoa kwenye mambo ya dunia. Mimi nina ufuta, magunia kadhaa, bado sijapeleka ghala la chama. Wengine wananiambia nishikilie, bei itapanda kama ilivyopanda vita ya Sudan ilipoanza. Kwa hizi nadharia zenu, niuze au nikae nao?

---

Kipimo

Ndugu yangu, mnunuzi mkubwa wa ufuta wetu ni China. Sudan ni miongoni mwa wauzaji wakubwa, kwa hiyo vita ya Aprili 2023 ilimpunguzia mnunuzi uchaguzi na wewe ukafaidi. Lakini Novemba 2024 China walisaini itifaki ya kuruhusu ufuta wa Brazil, na Brazil hawalimi kwa jembe la mkono. Yaani tangu hapo mnunuzi ana uchaguzi mwingine mkubwa. Kushikilia mzigo ukisubiri bei ya 2023 ni kumsubiri mtu ambaye ameshapata duka jingine. Mimi ningepeleka sehemu kubwa kwenye minada ya mwanzo, nikabakiza kidogo kwa ajili ya tamaa.

---

Mwana Nangurukuru

Kidogo kwa ajili ya tamaa 😂 Nimekuelewa mkuu. Kesho napeleka. Kuna mwenye ratiba ya minada ya Kilwa?

---

Mlinzi wa Ghala

Ulizia kwa katibu wa chama chako cha msingi, ratiba hubandikwa pale ofisini. Na hakikisha ufuta umepepetwa vizuri kabla ya kupima, mchanga ukionekana unarudishwa na mzigo wote.